Fundi Hafiz na Boliti za Mkono wa Chini

Mimi ni mtu wa maneno mengi, na mimi nikimsifu mtu hapa Mweiga, watu husubiri nifike kwenye "lakini". Leo sina lakini. Nataka kumweleza fundi Hafiz wa Ruring'u, na jinsi nilivyokaribia kumharibia jina nikiwa nimesimama kanisani, Biblia mkononi.

Hafiz si mtu wa kutangazwa. Alizaliwa Majengo, mjini Nyeri, baba yake akiwa dereva wa lori za mbao. Anaongea Kikuyu vizuri kuliko watoto wangu mwenyewe, na wazee wa sokoni bado humwita kwa jina la babake. Alifanya kazi Nairobi miaka tisa, kisha akarudi kwenye baridi yetu kwa sababu, anavyosema, kule watu walitaka gari litoke haraka kuliko walivyotaka litoke zima. Gereji yake ni kiwanja cha udongo ulioshindiliwa, si mbali na uwanja wa michezo, na paa la mabati upande mmoja. Hana ile mashine ya kompyuta ya kupima magurudumu. Ana uzi, timazi, chaki na tochi. Saa nne mkewe, Ummi, huleta chai ya tangawizi, na mteja yeyote aliyepo hupewa kikombe hata kama amekuja kugombana.

Mimi nilikuja kugombana. Pikapu yangu, ile ya kijivu niliyoachiwa na marehemu mume wangu, ilikuwa inakula tairi za mbele. Inakula upande mmoja tu: upande wa pili una meno mapya na upande huu ni kipara. Nilikuwa nimeipeleka kwa mafundi watatu. Kila mmoja aliipima, akasema iko sawa kabisa, akanipa mkono, na kabla ya miezi miwili kuisha nilikuwa tena natafuta tairi. Kwa hiyo nilipofika kwa Hafiz nilikuwa na hotuba tayari, na nilianza kuitoa kabla sijazima injini.

Aliniacha nikamaliza. Kisha akazunguka pikapu mara moja, akainama, akamulika tochi nyuma ya gurudumu la mbele.

"Mama Anita, hii gari unabebanga nini?"

"Waru, hivi viazi vyetu. Na sitakwambia ni gunia ngapi, wewe si polisi."

"Na hao wengine walipima ikiwa na waru?"

"Nani anapelekanga waru gereji?"

"Basi hawakupima gari yako," akasema. "Walipima ingine, ile tupu."

Sikuelewa, na sipendi kutoelewa mbele ya watu. Basi Hafiz akapiga magoti pale kwenye udongo na kunyoosha mikono yake miwili, mmoja juu ya mwingine, akaniambia nishike ngumi zake mbili kwa pamoja. Akasema ngumi ndizo gurudumu, na mikono yake ndiyo vyuma viwili vinavyolishikilia kwenye gari, mkono wa juu mfupi na mkono wa chini mrefu. Akainuka kidogo, akashuka kidogo, na nikaona kwamba kila mwili wake ulipopanda ngumi zililala upande, na aliposhuka zilisimama wima. Gari nalo, akasema, likibebeshwa viazi nyuma, pua inapanda, mikono inaning'inia, na magurudumu yanasimama vingine kabisa. Tena hii yangu mume wangu alikuwa ameiinua mbele. Hapa kwetu mwanamume akinunua pikapu, jambo la kwanza ni kuiinua mbele ili isiguse matope, na la pili ni kupita nayo polepole mbele ya maduka.

"Sasa hii mikono yake imechoka," Hafiz akasema. "Mipira ya huku ndani imekatika. Nitaishusha kidogo mbele, niweke mpira mpya. Lakini ile siku ya kupima, kuja na waru."

Wacha niseme ukweli, nilicheka. Nilimwambia mkwe wangu kwa simu kwamba Ruring'u kuna fundi anayetibu viazi. Lakini hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza nabeba nini, na jambo hilo lilinikaa moyoni.

Ijumaa ile nikapakia magunia ya mbegu, zile za kupanda, kwa kuwa ndizo zilizokuwa tayari, nikateremka nayo Ruring'u. Watu wa stendi waliuliza kama waru zangu zinaumwa. Anita, binti yangu, alikuwa amempeleka mtoto wake wa miezi minne kliniki mjini, na tulikubaliana anikute gereji ili turudi nyumbani pamoja. Shambani kulikuwa na vibarua sita wananingoja na mashimo yaliyochimbwa, na upande wa milima ya Aberdare wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye miti.

Hafiz alifanya kazi tangu asubuhi. Aliingiza mipira mipya kwenye mikono ile ya chini, akarudisha boliti, akaweka nati kwa vidole tu. Hakuzikaza. Aliniambia kwa nini, na nilimsikia, sitajifanya kwamba sikumsikia. Ukikaza boliti gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, mpira unashikwa ukiwa umejipinda, na ukilishusha unararuka kabla ya mwaka kuisha. Lazima gari liwe chini, na mzigo wake wote juu yake, litulie, mikono ikae pale itakapokaa siku zote, ndipo ukaze. Akaishusha pikapu, akaisukuma mbele na nyuma, akatundika ufunguo kwenye msumari.

"Wacha ikae hivyo kidogo," akasema. "Naenda msikitini, nikirudi nakaza, tunapima na uzi, unaenda."

Akanawa, akavaa kanzu nyeupe, akaondoka. Anita akafika, mtoto analia. Vibarua wakapiga simu. Tone la kwanza la mvua likagonga mabati. Nami nikaitazama pikapu yangu: magurudumu yamerudishwa, yako chini, spana zimepangwa kwenye gunia. Kwangu mimi gari lililo chini limepona. Habari ya boliti niliiona kuwa madoido ya fundi, kama vile daktari anavyotaka kukuona tena wiki ijayo. Hiyo ya uzi, nikajiambia, nitaijia siku nyingine.

"Mama, si amesema tungoje?" Anita akauliza.

"Anangoja mvua inyeshee mbegu zangu zikiwa kwa gari? Ingia."

Nikachukua ufunguo kwenye msumari.

Barabara ya Mweiga naijua hata usingizini. Lakini siku ile usukani ulikuwa unawaza mambo yake. Nikiuacha kidogo unakwenda kushoto. Na chini kulikuwa na kitu kinagonga, ko, ko, ko, nikasema ni jembe lililo nyuma. Simu yangu ikaanza kulia mfukoni. Mimi nikiendesha sishiki simu, ni jambo ninalojivunia mbele ya kila mtu, hata fundi. Ikalia, ikanyamaza, ikalia. Anita akasema labda ni muhimu. Nikamwambia muhimu itangoja tufike.

Kabla tu ya mteremko wa daraja, bodaboda ikatupita kwa kasi, na nyuma yake mtu mwenye kanzu nyeupe anapunga mikono yote miwili. Nikafikiri ni wa harusi. Kisha bodaboda ikasimama katikati ya barabara, ikaziba njia, yule mtu akaruka chini, na ndipo nikaona ni Hafiz.

Nilisimama kwa hasira, nikiwa na maneno tayari. Hakuniangalia. Alilala chali kwenye tope na kanzu yake ile, akaingia chini ya pikapu upande wa kushoto. Alipotoka alikuwa na rangi ya majivu.

"Nati moja imeenda," akasema. "Boliti imetoka nusu. Ungeteremka hapo na breki..."

Mtoto alikuwa ameacha kulia, analala kifuani mwa Anita, na sote watatu tukamtazama. Nikashuka, nikakaa ukingoni mwa barabara kwenye nyasi zilizolowa.

Alikuwa amekuja na spana kwenye mfuko na mkebe wa nati. Alizikaza zote pale pale, mvua ikimnyeshea miguu. Ile boliti iliyotoka nusu meno yake yalikuwa yameliwa. Alilazimisha nati nyingine ikashika kiasi, akaijaribu, akatikisa kichwa.

"Hii ni ya kukufikisha nyumbani," akaniambia. "Pole pole. Lakini haitakaa, Mama Anita. Jumatatu kuja nikuwekee boliti mpya." Halafu akasema, "Kosa ni yangu. Ningeenda na ufunguo."

Na mimi, ninayeongea mpaka usingizini, sikusema kitu. Nilipaswa kusema, "La, kosa ni langu," na nikanyamaza. Nilimwambia tu Mungu akubariki, nikapanda garini.

Jumapili nikasimama kutoa ushuhuda. Kanisani kwetu mtu akiponea jambo hawezi kukaa nalo; husimama mbele, hueleza, watu humshukuru Mungu pamoja naye. Na mimi najua kueleza. Nikaeleza mvua, mteremko, mtoto amelala. Nikasema fundi Hafiz wa Ruring'u aliacha boliti hazijakazwa, na shetani alikuwa ananingoja darajani, na Mungu akasema hapana. Watu wakaitikia amina mpaka madirisha yakasikia. Nilikaa chini nikiwa nimejaa furaha kabisa. Nilimshukuru Mungu kwa dhati, hilo sikudanganya.

Njiani Anita akasema, taratibu, "Mama, ulisahau kusema ile ya ufunguo."

"Ushuhuda si ripoti," nikamjibu.

Jumatatu sikwenda Ruring'u. Nilijiambia kuna palizi. Hafiz akapiga simu, sikuishika, kwa maana nilijua amesikia nilivyomtaja na anataka kunieleza ubaya wangu. Akapiga tena Jumanne. Akatuma ujumbe: "Mama Anita nipigie, ni ya ile gari." Nikausoma kama mtu anayesoma samansi ya mahakama, nikaufuta. Siku hizo niliiendesha pikapu mara tatu. Mara moja nilimpeleka Anita na mtoto dukani. Nilijua kuhusu ile boliti, na kila mara nilijiambia leo nitakwenda polepole.

Alhamisi asubuhi nilipeleka maziwa pale wanapoyakusanya. Wahome, jirani yangu, anayebeba maziwa ya kijiji kizima kwa pikapu yake, alinisalimia kama shujaa.

"Mama Anita, ulitufungua macho. Mimi nimetoa gari yangu kwa gereji ya huyo mtu. Hata jirani yetu Kihara ametoa. Nilipita huko jana, gereji ni tupu, ati amekaa tu anakunywa chai na bibi yake."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimuuliza, ni ukweli uliacha boliti ya mama wazi? Akasema, ni ukweli, zilikuwa wazi."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu. Hakujitetea hata kidogo. Halafu ati nikuambie upeleke gari. Nikamwambia, kwani unataka umalize kumuua?" Wahome akacheka.

Nilishindwa kucheka. Nilikaa kwenye mkebe wa maziwa kama mgonjwa. Mtu alikuwa amepanda bodaboda na kanzu ya Ijumaa kunifuata nisife, na mimi nilikuwa nimemlipa kwa kumfungia gereji. Tena kwa jina la Mungu. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe, na tangu siku hiyo pikapu sikuigusa tena. Ila hata simu sikuweza kumpigia. Nilihisi sina haki ya kuisikia sauti yake kabla sijarudi kanisani, pale nilipomharibia jina.

Jumapili ilipofika nikasimama tena. Mzee wa kanisa, Hezekiah, alinitazama juu ya miwani, kwa sababu wiki mbili mfululizo ni nyingi hata kwangu.

"Nimerudi," nikasema, "kwa sababu ule ushuhuda wa kwanza nilikula nusu."

Watu wakacheka. Nikawaambia. Nikawaambia fundi alisema tungoje, na kwa nini boliti hukazwa gari likiwa na mzigo, na kwamba ufunguo ulikuwa kwenye msumari na mkono uliouchukua ni huu. Nikasema shetani hakuwa darajani. Alikuwa ni mimi nina haraka. Nikasema Mungu alipotaka kutuokoa alimtuma Hafiz, na nyinyi mmemkimbia kwa ajili ya mdomo wangu. Hakuna aliyeitikia amina. Nikarudi kwenye kiti changu, na Anita akanishika mkono, kitu ambacho hakijafanyika tangu awe msichana mkubwa.

Nje ya kanisa, kabla mtu hajanifikia, nikapiga simu. Ililia mara moja tu.

"Iko wapi saa hii?" Hafiz akauliza. Hata salamu hakunipa.

"Nyumbani. Tangu Alhamisi sijaiwasha."

"Usiiguse. Nakuja."

Alifika kwangu kabla ya saa nane, boliti mpya imefungwa kwa kitambaa ndani ya mfuko wa koti. Na uani kwangu kulikuwa kumejaa watu. Wengine walikuja kunipa pole, wengine walikuja kuona, na chai ilikuwa jikoni. Hafiz alisalimia wote kwa Kikuyu, mmoja mmoja, pamoja na Wahome ambaye alikuwa anatazama viatu vyake. Akaingia chini ya pikapu, akatoa ile boliti mbaya, akaingiza mpya, akatoa kichwa.

"Nahitaji mzigo. Waru iko?"

"Nimepanda yote," nikasema.

Akatazama pikapu, akatazama watu. Wahome ndiye aliyeelewa kwanza. Alipanda nyuma, akakaa. Wakamfuata akina mama wa kanisa, wakijifunga leso na kulalamika. Wakampa mkono mzee Hezekiah, akapanda na suti yake ya kijivu, akakaa wima juu ya gurudumu la akiba. Hafiz akachungulia mikono ya chini, akachungulia tena.

"Bado gunia moja," akasema.

Wote wakanigeukia, nami nikaelewa gunia hilo ni mimi. Nikapanda. Pikapu ikashuka kidogo, ikatulia. Nikasikia spana ikishika nati, na miguu ya Hafiz tu ndiyo inayoonekana upande wa mbele. Nikaona nisipouliza sasa sitauliza kamwe.

"Fundi," nikaita, "mbona hukuwaambia ni mimi nilichukua ufunguo?"

Spana ikasimama.

"Ningewaambia, ungekasirika, upelekee mtu mwingine," akasema kutoka chini. "Akaze tu vile amepata. Na huwa unabeba huyo mtoto."

"Nilifikiri unapiga simu unigombeze."

"Mimi nilikuwa napiga nijue mko wapi. Nimepiga mara kumi na moja." Spana ikazunguka mara moja. "Ulisema wewe ukiendesha haushikangi simu. Sasa kila ukikosa kushika, nasema, basi wako barabarani."

Mmoja wa akina mama alivuta pumzi. Wahome akavua kofia. Mimi machozi yalinitoka mbele ya kanisa zima, na sikujali. Nikashika ukingo wa pikapu, nikaweka mguu mmoja chini, nimwendee pale alipolala nimshukuru kama mtu anavyopaswa kushukuriwa.

"Mama Anita, kaa," Hafiz akasema. "Mzigo umepungua, sijamaliza."

Nikarudi nikakaa. Nikamwambia asante kutoka pale juu, tena na tena, mpaka boliti ya mwisho ilipokazwa.